Mausi ya gemu kwa mtu wa mkono wa kushoto: DPI 16,000 isikubabaishe

Swali la msomaji: "Mambo kaka. Mimi ni dada nasoma chuo, nakaa Igoma hapa Mwanza. Nimejiungaungia PC yangu, ni Dell OptiPlex ya mtumba nimeiweka kadi ya GT 1030, monita ni ya 75Hz, nacheza sana Valorant, ile gemu ya kulenga na kufyatua risasi. Mausi ninayotumia ni ile ya ofisini iliyokuja na PC. Shida yangu natumia mkono wa kushoto, na nina laki moja tu. Kuna duka mjini wana mausi ya wayalesi ya 35,000, boksi limeandikwa DPI 16,000, ina mataa ya rangi zote. Mwenzangu anasema nitafute Logitech G102, ila nimeona ni ya waya na DPI yake ni 8,000 tu, nusu ya ile. Nichukue ipi? Alafu kiganja kinaniuma nikicheza muda mrefu, inaweza kuwa ni mausi?"

Poa dada, na hongera kwa kujiungia PC yako mwenyewe. Nianze na jibu lenyewe: iyo ya 35,000 iache. Kwa laki moja na kwa mkono wa kushoto mimi ningeenda na G102, ila usitoe hela kabla hujaishika mkononi kwa dakika kadhaa. Sasa ntakueleza kwa nini, mana hata ukiikosa G102 ukakutana na nyingine ambayo sijaitaja nataka uweze kuipima mwenyewe palepale dukani bila kumtegemea muuzaji.

Tuanze na iyo DPI kwasababu ndo inayowachanganya watu wengi. DPI ni idadi ya hatua ambazo sensa, yani kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo wa mausi, inahesabu ukisogeza mausi inchi moja, yani sentimita 2.54. Ukiweka 800, na skrini yako ina pikseli 1920 kwa upana, kuvuka skrini nzima toka kushoto mpaka kulia unasogeza mkono kama sentimita 6. Sasa piga hesabu ya 16,000: kuvuka skrini iyohiyo unasogeza milimita 3. Milimita 3 dada! Ukipumua tu mshale umeshafika pembeni. Hakuna mtu anayelenga kichwa cha mtu kwa mwendo huo, na wachezaji wakubwa wa Valorant na Counter-Strike wengi wao wako kati ya 400 na 1600. Kwaiyo ukilinganisha 8,000 na 16,000 unalinganisha vitu viwili ambavyo vyote hutavitumia, na ndo mana nakwambia iyo "nusu ya ile" isikusumbue kabisa.

Kuna kibaya zaidi, kwenye mausi za bei ya chini iyo namba mara nyingi sio ya sensa yenyewe. Sensa uwezo wake wa kweli unaweza ukawa 3,200 tu hivi, alafu chip inachukua kila hatua moja inaizidisha mara kadhaa ili kwenye boksi iandikwe namba kubwa. Ukija kucheza unaona mshale unaruka badala ya kutembea. DPI ni namba rahisi sana kuandika kwenye boksi.

Kitu cha kuuliza ni jina la sensa. Kampuni nyingi za mausi hazitengenezi sensa zenyewe, zinanunua kwa PixArt ya Taiwan, kwaiyo ukisikia PMW3360, PMW3389 au PAW3395 ujue hapo uko salama, iyo 3360 ni ya zamani lakini mpaka leo hutamaliza uwezo wake. Logitech wana ya kwao inaitwa HERO, Razer nao wana majina yao. Boksi ambalo halina jina la sensa popote, wala kwenye tovuti ya kampuni halipo, kuna sababu hawakuandika.

Na ukipata jina angalia namba inayoitwa IPS, yani inchi ngapi kwa sekunde sensa inaweza kufuata kabla haijapotea. Hapa ndo tofauti ilipo. Sensa za kawaida za ofisini na za bei chee ziko kwenye 30 hivi, iyo ni sentimita 76 kwa sekunde, unaona ni nyingi lakini jaribu kugeuka haraka adui akiwa nyuma yako, mkono unapita iyo kasi kirahisi sana, sensa inapotea njia, unashangaa unaangalia mbinguni au chini kwenye miguu yako. Ukiwa umeshakutana na hilo kwenye mausi yako ya ofisini ujue hukukosea wewe. G102 inafika kama inchi 200 kwa sekunde, mita 5 hizo, na 3360 inafika 250. Mkono wa mtu akicheza kawaida haufiki huko.

Utaona pia neno polling rate, limeandikwa kwa Hz. Hiyo ni mara ngapi kwa sekunde mausi inairipotia kompyuta ilipo. 125Hz ni kila milisekunde 8, 1000Hz ni kila milisekunde 1. Monita yako ya 75Hz inabadilisha picha kila milisekunde 13 na kidogo, kwaiyo 1000 inakutosha na inabaki. Kuna mausi mpya zinatangaza 8000Hz, hizo kwa OptiPlex yako ziache kabisa, zinaila prosesa ambayo tayari inahangaika na gemu.

Sasa tuje kwenye mkono, na hapa nitakaa kidogo kwasababu kwa mtu wa kushoto ndo kila kitu. Kwanza jipime: rula kuanzia kwenye mstari wa kifundo cha mkono pale kiganja kinapoanzia mpaka ncha ya kidole cha kati. Hukuniambia ukubwa wa mkono wako, tuseme ni mdogo, uko chini ya sentimita 18, basi mausi za urefu wa sentimita 11 na nusu mpaka 12 zitakukaa vizuri. G102 ni sentimita 11.7 hivi. Razer DeathAdder, ambayo watu wanaisifia na wana haki ya kuisifia, ni karibu 12.7, na kwako ina tatizo kubwa kuliko urefu: imechongwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Ukiishika kwa kushoto kidole gumba kinakaa kwenye mwinuko na kidole kidogo kinaingia kwenye shimo lisilo lake, baada ya nusu saa kiganja kinawaka. Kwaiyo sheria yako ya kwanza dukani, iweke mausi mezani uiangalie kwa juu, upande wa kushoto na kulia viwe sawasawa. Ikiwa imepinda upande mmoja, mwambie muuzaji asante, endelea na nyingine, hata kama sensa yake ni ya kutisha.

Alafu angalia unavyoishika. Kuna wanaolaza kiganja chote, hao wanahitaji mausi yenye mgongo mrefu na mnene. Kuna wanaokunja vidole ukucha unasimama na kiganja kinagusa nyuma tu, na kuna wanaoishika kwa ncha za vidole kiganja hakigusi kabisa. Mtu mwenye mkono mdogo mara nyingi anajikuta kwenye hizi mbili za mwisho, na kwa hizo umbo fupi na jepesi kama la G102 linafaa. Hakuna ya sahihi wala ya kosa hapo, we cheza dakika chache bila kujifikiria alafu tazama mkono wako umekaaje.

Batani za pembeni. G102 umbo lake liko sawa pande zote lakini batani mbili za pembeni ziko kushoto tu, yani kwako zinaangukia chini ya kidole cha pete na kidogo badala ya gumba. Utazibonyeza bila kutaka wakati unanyanyua mausi. Dawa yake ni programu ya Logitech inaitwa G HUB, unaingia humo unazizima, basi. Na kubadilisha kliki ya kushoto na ya kulia fanya humohumo G HUB pia, usitegemee mpangilio wa Windows, kwasababu gemu nyingi zinasoma mausi moja kwa moja na Windows haziisikilizi, unakuta kwenye desktop umebadilisha vizuri alafu ukiingia Valorant kila kitu kimerudi. Ila usibadilishe sehemu zote mbili kwa pamoja, moja itaifuta nyingine urudi palepale.

Kama siku moja hela ikiongezeka na unataka batani za pembeni upande wa gumba lako, zitafute hizi mbili hata za mtumba: Razer Viper ya mwaka 2019, ya waya, gramu 69, ina batani pande zote mbili, na Logitech G Pro Wireless ya 2018, gramu 80, yenyewe batani za pembeni zinachomoka unaziweka upande unaotaka. Watengenezaji wanaowakumbuka watu wa kushoto ni wachache na inaniuma, kwasababu umbo likishakuwa sawa pande zote kuongeza batani mbili upande wa pili sio kazi ya ajabu. Angalia tu ukinunua Viper usichanganye na Viper Mini, ile Mini ni nzuri sana, gramu 61, lakini batani zake ziko kushoto tu kama G102.

Nimeitaja Viper Mini, ngoja niseme kitu kuhusu hali ya hewa yetu ya ziwani mana maelezo mengi ya mausi yanaandikwa na watu wa nchi za baridi kavu. Swichi za kawaida ndani ya kliki ni chuma kinagusa chuma. Kinachoka, kinashika kutu kidogo, na hapa kwetu unyevu wa ziwa unasaidia kukiharibu, mwisho unabonyeza mara moja mausi inasoma mara mbili. Unafungua folda badala ya kulichagua, kwenye gemu unafyatua risasi mbili ulitaka moja. Viper Mini, na ile Viper ya 2019 pia, zinatumia swichi za mwanga, hakuna chuma kinachogusana kupitisha umeme, kwaiyo ugonjwa huo wa kujibonyeza mara mbili haziupati. Ukiikuta Viper Mini ndani ya laki yako na iko mpya, inashindana na G102 kwa haki kabisa. Kwa G102 usiogope sana lakini, siku ikianza ugonjwa huo fundi redio yeyote mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi anakubadilishia swichi, ni kitu kidogo cha pini tatu, ulizia Omron, Kailh au Huano, na mausi inarudi upya. Usiitupe.

Kingine cha hapa kwetu: zile mausi zenye matundu mgongoni ili ziwe nyepesi. Mtu wa Kirumba au Bwiru anazijua jioni ambazo vidudu vya ziwani vinapanda kama moshi vinafuata taa, sasa wewe uwe na mausi inawaka rangi zote na ina matundu, vitakufia mle ndani. Igoma uko mbali kidogo na maji ila vumbi unalo. Chukua yenye mgongo mzima. Na zile zenye mpira pembeni za kuzuia kuteleza, joto na jasho kwa mwaka mmoja miwili mpira unaanza kunata, unashika kama umeshika gundi. Plastiki ya kawaida ni bora, ukitoka jasho unaifuta tu.

Wayalesi au waya? Wayalesi nzuri siku hizi inaenda sawa na waya, sio kweli kwamba lazima ichelewe. Ila neno nzuri ndo lenye bei. Inayotumia risiva yake ya USB ya 2.4GHz iliyotengenezwa kwa gemu iko vizuri, inayotumia Bluetooth peke yake kwa gemu za kulenga hapana, inachelewa utahisi. Kwa 35,000 wakulipie sensa, redio, betri na mataa, kuna kitu lazima wamekibana, na kawaida wanabana sensa na swichi ambazo ndo huzioni. Ukitaka wayalesi ya heshima isiyo ghali sana kuna Logitech G304, nchi nyingine inaitwa G305, umbo lake ni lilelile la G102, sensa HERO, inatumia betri moja ya AA na kampuni inasema inafika masaa 250. Ila ikiwa na betri ni gramu 99, na kwa kiganja kinachouma mimi nisingekupeleka huko kwa sasa. Ukija kununua ya wayalesi huko mbele risiva usiichomeke nyuma ya PC karibu na matundu ya USB 3.0, yale yanatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4GHz, tumia waya wa kurefusha uilete mbele mezani.

Waya wa G102 mpya unakuwa mgumu kidogo, unavuta mausi. Ukunjue, acha urefu wa kutosha kwa mkono kucheza, alafu sehemu iliyobaki ibandike kwa selotepu kwenye mguu wa monita. Utasahau kama una waya.

Sasa dukani. G102 feki zipo na zinafanana sana kwa macho. Nenda na laptop yako au ya rafiki ambayo umeshaweka G HUB nyumbani, usiende kutafuta bando la kuipakua palepale. Chomeka mausi, halisi itaonekana kwenye G HUB kwa jina na picha. Alafu ingia Device Manager, ifungue hiyo mausi, nenda kwenye Details uchague Hardware Ids, ya Logitech inaanza na VID_046D, ya Razer ni VID_1532. Ukikuta namba nyingine kabisa rudisha kwenye boksi. Namba hiyo peke yake inaweza kuigwa, ndo mana nataka na G HUB pia iikubali.

Baada ya hapo fungua Paint uchore. Duara za taratibu, alafu za haraka sana, alafu mistari ya kukata kona. Mstari ukitetemeka wakati mkono uko sawa, au ukinyooka wenyewe wakati we umepinda, sensa haifai. Sogeza kwa nguvu kulia alafu urudi palepale ulipoanzia, mshale urudi karibu na ulipokuwa. Bonyeza folda mara moja moja kama mara thelathini, lisifunguke lenyewe. Zungusha tairi taratibu ukurasa usirudi juu. Muuzaji anayekataa usijaribu, mwachie mausi yake, Mwanza mjini maduka ya kompyuta yako karibukaribu, utatembea kwa mguu mpaka la pili. Na ukikosa ukaamua kuagiza Kariakoo ikaja na basi mpaka stendi ya Nyegezi, sawa, ila umbo ulishike kwanza hapa hata kwa mausi ya mtu, mana ikishafika ndo imefika.

Kwenye laki yako usimalize yote kwenye mausi, bakiza hela ya padi ya kitambaa, ile ndefu ya sentimita 80 kwa 30 inatosha. Meza ya kioo au ya kung'aa inazisumbua sensa nyingi, na bila padi utabaki kucheza kwa kifundo cha mkono tu kwasababu huna pa kutembeza mkono.

Hapo ndo tunafika kwenye maumivu. Mausi inachangia, ikiwa imepinda upande usio wako au ni nzito unaibana bila kujua, lakini mara nyingi ni mchanganyiko wa meza na mipangilio. Meza ikiwa juu unakunja kiganja kuelekea juu muda wote. Kaa kiwiko cha mkono kikunjike kona ya mraba na mkono ulale sambamba na meza, kama meza haishuki panda wewe, weka mto kwenye kiti. Na ukiwa na mwendo mkali wa mausi kila kitu kinafanywa na kiganja. Weka DPI 800 na ndani ya Valorant kwenye mwendo wa mausi (sensitivity) anza na 0.4, hapo kugeuka mzunguko mzima ni kama sentimita 41 za padi, utalazimika kutumia mkono kuanzia kwenye bega na kiganja kitapumzika. Itakuwa nzito siku za mwanzo, vumilia, usibadilishe kila ukifa. Ila dada nisikilize kwenye hili: ukianza kuhisi ganzi kwenye vidole, hasa usiku ukiwa umelala, hilo tena sio la mausi, nenda hospitali wakuangalie mapema na gemu ipumzike.

Windows pia ina kitu kinaitwa "Enhance pointer precision", kizime. Kinabadilisha mwendo wa mshale kulingana na haraka ya mkono, kwaiyo umbali uleule wa mkono leo unakupeleka hapa kesho pale. Valorant ina mpangilio wake wa kuhamishia silaha mkono wa kushoto, huo ni wa macho tu lakini watu wengi wa kushoto wanasema unawatuliza. Kibodi nayo, kama bado unajikunja kufikia herufi za kutembelea za WASD kwa mkono wa kulia, hamishia kutembea kwenye IJKL na vitu vingine vyote uvisogeze kuzunguka hapo, kaa nayo wiki moja kabla hujaihukumu. Ukishajipima mkono, niandikie ni sentimita ngapi na unaishikaje, kama G102 ikikukataa mkononi tutatafuta nyingine.